Adui Mwenyewe Ni

Simu yangu ya wakati huo, ile Nokia ndogo ya tochi, haikuwa inabeba zaidi ya herufi mia moja na sitini kwa meseji moja. Ukizidisha, inakata. Za mbele zinaenda kwanza, za nyuma zinafuata kama meseji ya pili. Na kredo ikiisha hapo katikati, basi, za mbele zimeenda na za nyuma umebaki nazo. Nawaambia hii mapema ndio msiniulize baadaye.

Mwaka ulikuwa 2004. Nilikuwa na kibanda Machakos mjini, simu ya jamii, ile ya kupiga kwa kulipia, mbele, mashine ya fotokopi nyuma, na kompyuta moja ya kuchapa barua za watu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Hiyo Nokia ilikuwa mkononi nikipika, nikifagia, nikiwa kanisani. Mama yangu alikuwa anasema, "Munyiva, siku utazikwa tutahitaji jeneza lenye chaja."

Auntie Wavinya si shangazi yangu wa damu. Shamba lao na letu zimepakana huko kwetu Muthetheni. Yeye alisoma mpaka akawa daktari, si wa sindano, wa historia, na alikuwa anafundisha chuo kikuu Nairobi. Lakini kila likizo alirudi kwa mama yake, Susu Syombua, susu kwa Kikamba ni nyanya, na kila mara alipitia kwa kibanda changu na makaratasi yake. Ndio nikajua kazi yake. Alikuwa anatafuta wanaume wa kwetu waliochukuliwa wakati wa vita vya pili wakapelekwa nchi moja mbali sana, ng'ambo, kujenga barabara ya jeshi. Wengine hawakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Babake mwenyewe Susu Syombua alikuwa mmoja wao.

Hiyo nchi sitaitaja, kuna vijana wetu wanafanya kazi huko mpaka leo.

Agosti Auntie akafunga safari. Alikuwa na daftari moja ya kijani yenye majina sitini na moja, aliyoyakusanya nyumba kwa nyumba miaka mitano. Alitaka kuona hiyo barabara na kuuliza watu wa huko walizikwa wapi. Shida ni kwamba kando ya hiyo barabara sasa kuna kambi ya jeshi, na wakubwa wa huko walishasema zamani kwamba hakuna mgeni amelala chini ya ile ardhi.

Sasa, meseji.

Susu Syombua alikuwa mwenyekiti wa mwethya. Kama wewe si wa Ukambani, mwethya ni hivi: leo watu wote wanakuja shamba langu, tunachimba mitaro ya kuzuia mchanga usibebwe na maji, kesho tunaenda kwako. Hakuna mshahara. Unapimiwa kipande chako kwa kamba, unakimaliza, tunakula muthokoi, tunaenda nyumbani. Mwaka huo mvua ya Oktoba ilikuwa karibu na mitaro ya Susu ilikuwa imebomoka yote. Ikapangwa Ijumaa ya tarehe moja. Auntie alikuwa ameniambia, "Munyiva, niambie kila kitu ya nyumbani, hata kuku akitaga." Kwa hivyo Jumatano nikamwandikia. Hii hapa, neno kwa neno:

"Auntie, tuko tayari. Ijumaa tunavamia kilima, watu 40, kila mtu panga na jembe, hakuna kurudi nyuma!!! Mwaka huu lazima tumalize adui wetu. Na adui mwenyewe ni"

Hapo ndipo simu ilikata. Ya pili ikakataa kuenda, kredo imeisha, maana meseji za ng'ambo zilikuwa zinakula kredo kama ng'ombe kwa mahindi. Nikasema nitaituma kesho. Mteja akaingia na fotokopi za kitambulisho. Nikasahau.

Wiki mbili zikaisha bila neno kutoka kwa Auntie. Halafu asubuhi moja simu ikalia, namba ndefu sijawahi kuona. Mwanaume. Tukaongea Kiingereza, changu cha kidato cha nne, chake cha puani.

"Wewe ndio Munyiva?"

"Ndio."

"Mimi ni wakili wa Daktari Wavinya. Amekamatwa. Yuko salama, anakula, hajapigwa. Keti chini kwanza."

Nikaketi juu ya katoni ya karatasi.

Akanieleza polepole. Auntie alisimamishwa na polisi karibu na ile kambi, na daftari yake. Wakamuuliza maswali nusu siku. Wakaona ni mwalimu tu. Walikuwa wamemwekea fomu ya kusaini aende zake, kalamu iko mkononi. Simu yake iko juu ya meza. Ikalia tii-tii.

"Ilikuwa meseji yako," wakili akasema.

Nikaitoa simu sikioni nikaiangalia, nikairudisha.

"Wakatafuta mtu anajua Kiswahili. Sasa kuna makosa mawili. La kwanza, wanasema hayo majina ameyaiba kwa faili za jeshi lao. La pili, kwamba kuna kikundi cha watu arubaini wenye mapanga kinataka kuvamia kilima. Kambi yao iko juu ya kilima. Na daftari imegawanywa kwa vipande, kipande cha kwanza watu tisa, kipande cha pili watu kumi na wanne. Wanasema ni vikosi. Kesi ni tarehe ishirini na tatu Novemba. Akipatikana na kosa ni miaka kumi na miwili." Akapumua. "Swali ambalo kila mtu anauliza hapa ni moja. Adui ni nani?"

"Ni maji," nikasema.

"Nani?"

"Maji! Maji ya mvua!"

"Binti," akasema, "hiyo itabidi tuionyeshe, si kuisema." Laini ikakatika.

Sikumwambia mtu. Siku mbili nzima nilifungua kibanda, nikafunga kibanda. Nikienda kulala nahesabu alama za mshangao. Niliweka tatu. Ningeweka moja tu, simu ingepata nafasi ya herufi mbili zaidi, na meseji ingeisha na "ni ma". Angalau mtu angejiuliza, ma nini?

Siku ya tatu Mwalimu Bartholomew akaingia. Huyu alikuwa anafundisha historia sekondari moja ya Katangi na alikuwa mwenyekiti wa walimu wa historia wa hapo kwetu. Mtu wa tai, hata Jumamosi. Auntie alikuwa amewafundisha hao walimu kila likizo, bure, venye mtu anaweza kuandika historia ya kijiji chake bila kungoja kitabu kutoka Nairobi. Habari ya kukamatwa ilikuwa imewafikia kupitia chuo kikuu. Maprofesa wa Nairobi walikuwa wameshaandika barua, na wengine wa nchi nyingine pia. Sasa walimu wetu nao walitaka kuandika yao.

"Chapa," akaniambia, akaweka kurasa sita mbele yangu, zimeandikwa kwa mkono pande zote mbili.

Jumamosi hiyo walimu ishirini na tatu wakakutana Muthetheni, nyumbani kwa Susu Syombua, ndio mama asikie kwanza kabla barua iende. Mimi nilibeba nakala. Wakakaa kwa viti vya kanisa. Mitaro ilikuwa imeshachimbwa, unaiona hapo nyuma ya nyumba, myekundu, imejipanga. Upande wa chini, mtaro mmoja ulikuwa na fimbo kwenye kona.

"Wakya," Susu akanisalimia.

"Aa," nikajibu, macho chini.

Mwalimu Bartholomew akasimama kusoma. Alikuwa amefika ukurasa wa pili na bado hajataja jina la Auntie. Kulikuwa na "dhulma iliyokithiri", kulikuwa na "minyororo ya ukoloni mamboleo". Mwalimu Ndunda wa Lukenya, mtu mfupi wa mizaha, akainua mkono.

"Mwenyekiti, samahani. Huyu jaji tunamwomba ama tunampiga?"

"Ndunda, kaa chini."

"Nimekaa. Hata nimekaa sana. Nauliza tu kama kuna mahali tutasema yule mama amefanya nini."

"Inakuja ukurasa wa nne!"

Watu wakacheka kidogo, ile ya huzuni. Bartholomew akaendelea. "Hatujui," akasoma, "ni kwa sababu gani msomi asiye na hatia amewekwa kizuizini..."

"Mimi najua," nikasema.

Hata sikujua nimesimama. Nikawaambia yote. Kalamu, fomu, tii-tii. Nikawasomea meseji venye ilifika, mpaka hapo pa "ni". Nikaketi.

Mwalimu Bartholomew alikuwa ameshika zile kurasa kama mtu ameshika sahani ya moto hajui aiweke wapi. Mwalimu mmoja nyuma akasema polepole, "Huyu mtoto na simu."

Susu Syombua akaniita. "Kuja hapa. Soma tena."

Nikaenda nikasoma tena.

"Hiyo ya adui, nani alisema?"

"Mimi ndio niliandika, susu."

"Sijakuuliza nani aliandika." Akawageukia walimu. "Mimi ndio husema hivyo. Kila mwethya, miaka thelathini, nikipuliza filimbi nasema, watu wangu, leo tunaenda kwa adui. Halafu wanauliza, adui ni nani? Nasema, ni maji! Wanaanza kuchimba. Huyu amebeba tu maneno yangu. Kama ni kosa, mniandikie mimi."

"Hakuna mtu anaandikiwa hapa, mama," Mwalimu Ndunda akasema.

"Na hiyo ingine iko wapi?"

"Ingine gani, susu?"

"Ya maji. Si umesema ilikatwa. Kitu ikikatwa si kuna kipande kinabaki?"

Jameni. Siku tatu nalia na kitu iko mkononi. Nikafungua zile meseji ambazo hazikutumwa, na ilikuwa hapo, kati ya ya kuuliza bei ya wino na ya kumtukana kijana mmoja wa Mwala. Nikasoma kwa sauti:

"maji ya mvua. Yakibeba mchanga tena mama yako atapanda mawe hahaha. Kipande chako tumekiwekea fimbo. Usipokuja tutakuchimbia."

Susu akacheka mpaka akashika magoti. "Mawe! Ati nitapanda mawe!" Halafu machozi yakatoka, akayafuta na leso.

Mwalimu Bartholomew akauliza, "Hiyo fimbo ndio ile?" Akaonyesha kule chini.

"Ndio hiyo," Susu akasema. "Mtu wa mwethya akiwa mgonjwa, ama amefiwa, ama yuko mbali, kipande chake hakiachwi. Ukikiacha maji yatapitia hapo na yataharibu cha kila mtu. Cha Wavinya tulikichimba. Mimi mwenyewe nilitoa mchanga na karai." Akamwangalia mwalimu. "Sasa nyinyi ni watu wake wa shule. Mtoto wangu alikuwa anachimba nini huko?"

"Majina," Bartholomew akasema.

"Na daftari wamechukua?"

"Wamechukua."

"Basi hicho ndicho kipande chake. Na nyinyi mmeniletea barua."

Sijawahi kuona mwenyekiti akikunja karatasi pole vile. Alikunja zile kurasa sita mara mbili, akaweka kwa mfuko wa koti, akavua tai. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona shingo yake.

"Tugawane," akasema.

Ilikuwa kazi rahisi kuelewa. Serikali ya huko inasema majina yameibwa kwa faili zao. Sasa kama walimu wetu, bila kuona hiyo daftari, wataenda kwa nyumba za hapa na wapate majina yale yale, basi itajulikana yalitoka wapi. Yalitoka kwa midomo ya watoto na wajukuu wa hao wanaume. Mwalimu Bartholomew akachukua Katangi. Ndunda akachukua upande wa Lukenya, kwa familia zilizohamia huko kufanya kazi ya kuvunja mawe. Wengine Mwala, wengine hapo Muthetheni. Wakakubaliana kila mmoja aandike kwa mkono wake, na kila jina liwe na nani amelisema, na ni nini chake.

Mimi nikampigia wakili. Nikamwambia kipande cha pili cha meseji kiko.

"Kipige picha," akasema, halafu akajikosoa. "Hapana. Picha watasema mmetengeneza jana. Nataka simu yenyewe."

"Simu... simu yenyewe?"

"Na laini yake ndani. Na chaja."

Nitawaambia ukweli, niliuliza kama wanaweza kutumia chaja tu. Alidhani natania.

Niliifunga na leso ya mama, nikaiweka kwa katoni. Nilikuwa na namba za watu mia mbili humo, sijaandika hata moja kwa karatasi. Kabla ya kuizima nilitaka kuongeza meseji ya kumwelezea jaji, ndefu, yenye kila kitu, venye Auntie ni mtu mzuri, venye alinilipia karo ya kidato cha tatu. Kidole kiko juu ya kitufe. Nikakumbuka zile alama tatu. Nikazima.

Halafu wiki tano za kungoja. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu mfukoni kila dakika, ni kama ulimi na pengo la jino. Lakini walimu walikuwa wanaingia kibandani jioni baada ya shule, viatu vimejaa vumbi, halafu katikati ya Novemba vimejaa matope, na kila mmoja na daftari yake. Nilikuwa natoa fotokopi nikisoma. Muthoka, alisemwa na mjukuu wake, alijulikana kwa kupiga mluzi. Kitheka, alisemwa na bintiye, aliacha mbuzi wawili akasema wasiuzwe. Mwingine hakuwa na jina la pili, mke wake mzee alisema alimwita tu "wangu" na amesahau lile lingine. Mwalimu Ndunda, huyo wa mizaha, alileta hiyo akaiweka mezani akatoka nje akasimama muda.

Mwalimu Bartholomew naye alirudi siku moja bila daftari.

"Umekosa?" nikamuuliza.

"Nimepata mzee Katangi anayajua kumi na moja. Lakini anayasema akiimba. Nikimsimamisha anaanza tena mwanzo. Munyiva, nimesikiliza huo wimbo mara kumi na tisa." Akakaa kwa katoni. "Miaka ishirini nafundisha vita vya pili. Nafundisha Ulaya. Huyo mzee anakaa nyuma ya shule yangu."

Tukafika majina themanini na nne. Ya Auntie yalikuwa sitini na moja. Barua mpya ikaandikwa, na hii niliichapa kwa dakika tano. Ilisema: Sisi ni walimu wa historia kutoka Machakos. Majina haya tumeyapata kwa jamaa zao, kati ya tarehe hii na hii, na anwani zao ni hizi. Daktari Wavinya ndiye alitufundisha kuyatafuta. Kama kuyaandika ni kosa, sisi pia tumelifanya, na majina yetu ni haya. Sahihi ishirini na tatu. Chini kabisa kidole cha gumba cha Susu Syombua, kwa wino wa mashine yangu, chenye mstari wa kovu la jembe katikati.

Mwalimu mmoja aliogopa, akasema ako na mkopo wa nyumba na watoto, hiyo barua inaweza kumfuata. Bartholomew hakumgombeza. Akamwambia, "Sawa, ndugu yangu." Kesho yake yule mwalimu akarudi kabla sijafungua kibanda, akasaini akiwa amesimama, akaenda.

Jumanne ya tarehe ishirini na tatu sikufungua biashara. Niliketi ndani kando ya simu ya jamii, mlango nusu. Susu Syombua alikuwa amekuja mjini tangu asubuhi na kyondo, kikapu chake cha uzi, anasuka. Bartholomew alikuja na tai. Ndunda akaja na chapati akazisahau kwa mfuko.

Saa nane. Saa tisa. Simu ikalia, nikaidaka, ilikuwa ni mtu anauliza kama tunauza kadi za mwaliko wa harusi.

"Hatuuzi!" nikamwambia.

"Mjibu vizuri," Susu akasema bila kuinua macho. "Harusi si kosa lake."

Saa kumi kasorobo ikalia tena.

Wakili alianza mbali, venye mawakili hufanya. Akasema jaji ni mzee, mtu wa maneno machache. Daftari ya kijani iliwekwa kando ya daftari za walimu na karani akasoma jina moja huku, moja huku. Ilichukua saa moja na nusu. Majina hamsini na nane yalilingana. Wakili wa serikali akasema sawa, pengine hayakuibwa, lakini bado kuna kikundi na bado kuna adui. Ndipo simu mbili zikawekwa mezani, ya Auntie na yangu.

"Mkalimani akasoma ya kwanza," wakili akasema. "Akafika pa 'na adui mwenyewe ni', akasimama. Jaji akasema, endelea. Akachukua simu yako akasoma."

"Akasema nini? Jaji alicheka?"

"Hakucheka. Aliuliza swali moja. Aliuliza huo mteremko ukoje, na hiyo mitaro mnachimba mchanga mnatupa juu ama chini."

Nikafunika simu nikawauliza wengine. Susu akaacha kusuka. "Juu," akasema. "Ukitupa chini ni bure."

"Daktari alimjibu hivyo hivyo kutoka kizimbani," wakili akasema. "Jaji akaandika kitu. Halafu akasema yeye pia ni mtoto wa mkulima."

"Na Auntie?"

"Anafukuzwa nchini. Hana kosa, lakini anafukuzwa. Daftari inabaki. Simu pia inabaki, ni ushahidi."

"Anakuja nyumbani?"

"Alhamisi."

Nikaweka simu chini. Nilitaka kupiga kelele, na nyinyi mnanijua, mimi ni mtu wa kelele. Lakini Susu alikuwa ananiangalia usoni anangoja, na nikaona nisiongeze kitu.

"Anakuja Alhamisi," nikasema.

Susu akatikisa kichwa mara moja. Akafungua kyondo akatoa uzi ambao alikuwa amesuka vibaya tangu saa nane, akaanza kuufumua. Mwalimu Bartholomew alitoka nje kujipenga kamasi. Ndunda akakumbuka chapati.

Auntie alifika Muthetheni Ijumaa asubuhi, amekonda, nywele fupi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na maji yalikuwa yamesimama ndani ya mitaro, yametulia, rangi ya chai ya maziwa. Alisalimia watu wote kwa mkono. Akanifikia.

"Alama tatu za mshangao," akaniambia.

"Auntie, pole. Aki pole sana."

"Huko ndani walinipa nakala ya ile meseji niieleze. Nimeisoma labda mara mia mbili. Kila mara nikifika pa 'ni' nasikia mama akipuliza filimbi." Akanishika shingo kama mtoto. "Umeongea na wakili na nini juzi, kama simu yako iko huko?"

"Simu ya jamii."

"Basi bado una mdomo."

Mwalimu Bartholomew akamletea daftari ya themanini na nne, imejalidiwa na karatasi ya kaki. Alikaa kwa ngazi ya mlango akaisoma, ukurasa kwa ukurasa, sisi tumesimama tu. Akafika pa yule wa "wangu". Akasoma pale kidole kikiwa kimekaa kwa neno. Hakuuliza ni nani alikusanya. Ndunda alikuwa anaangalia kuku.

Babu yake, babake Susu, alikuwa namba thelathini na saba. Kaburi lake bado hatulijui.

Akafunga daftari akaomba jembe. Mama yake akamwambia, "La nini?"

"Kipande changu."

"Chako kilichimbwa. Kiko na maji ndani, enda ukione." Susu akanyoosha kidole kwa Bartholomew. "Huyu ndiye hana mtaro. Miaka yote anafundisha watoto na shamba lake Katangi linaenda mtoni. Amekuchimbia, nawe utamchimbia. Kesho."

"Kesho, mama? Amefika leo!" Bartholomew akasema.

"Kwani maji yamefika lini?"

Kwa hivyo ikawa kesho, na ikabidi watu waambiwe siku hiyo hiyo. Kila mtu akanigeukia, mazoea, na mkono wangu ukaenda mfukoni, mazoea pia. Hakuna kitu. Nikavaa gambuti za mama nikaenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimeamua nitasema kidogo na nitasema vizuri. Kesho asubuhi. Katangi, kwa Mwalimu Bartholomew. Jembe. Tunachimba mitaro. Basi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nzisa. Nikamwambia hivyo, polepole, bila kuongeza chumvi. Akanisikiliza mpaka mwisho, ameshika mlango, mdomo umeshaanza kucheka.

"Sawa, Munyiva," akasema. "Na adui ni nani?"

Na nyumba ya pili vile vile. Na ya tatu walikuwa wananingojea nje kwa uzio, familia nzima, hata sijasalimia.